Nani alituliwa mzigo, nani alitwishwa: miaka minane ya Reagan

Tarehe 13 Agosti 1981 Ronald Reagan, rais wa Marekani kutoka chama cha Republican, alikaa mbele ya meza iliyowekwa nje ya nyumba yake ya shambani, kwenye milima ya California karibu na Santa Barbara. Ukungu ulikuwa umetanda, naye amevaa koti la jinzi. Mezani palikuwa na moja ya sheria kubwa kabisa za kupunguza kodi katika historia ya Marekani. Akaitia saini palepale kwenye ukungu. Miezi saba nyuma, siku ya kuapishwa, alikuwa amewaambia Wamarekani: "Katika mgogoro huu wa sasa, serikali siyo suluhisho la tatizo letu, serikali ndiyo tatizo."

Sentensi hiyo imemganda mpaka leo. Wahafidhina wanaikariri kama hirizi, na wapinzani wake wanaikariri kama ushahidi wa mashtaka. Mimi naona imewapoteza wote wawili, maana imewafanya wabishane miaka zaidi ya arobaini kama serikali ikue au ipungue, wakati chini ya Reagan haikupungua kiasi cha kusimuliwa. Matumizi ya serikali kuu yalikuwa takriban asilimia 22 ya pato la taifa alipoingia, na takriban 21 alipoondoka Januari 1989. Kilichohama ni mzigo. Kuna waliotuliwa na kuna waliotwishwa, na hapo ndipo nataka tumpime.

Lakini tuanze na haki yake, kwa sababu wengi wanaomlaumu wamesahau Marekani aliyoikuta. Mwaka 1980 mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 13.5. Chukua fundi wa kiwanda cha magari kule Michigan. Anaongezewa mshahara asilimia 10, anafurahi, halafu anagundua bei za dukani zimepanda kupita nyongeza yake. Juu ya hapo, kwa kuwa mshahara kwenye karatasi umekuwa mkubwa, anapandishwa ngazi ya kodi kana kwamba ametajirika. Uwezo wake wa kununua umeshuka, kodi yake imepanda, na hakuna mbunge aliyenyanyua mkono kupitisha kodi hiyo. Sheria ya 1981 ilifunga mlango huo: kuanzia 1985 ngazi za kodi zilisogezwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Jambo hili halitajwi sana, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa la haki kuliko yote katika sheria ile, kwa sababu lilimgusa mtu wa kawaida moja kwa moja.

Mfumuko wenyewe ulivunjwa na Benki Kuu chini ya Paul Volcker, aliyeteuliwa mwaka 1979 na Jimmy Carter, rais aliyemtangulia Reagan. Dawa ilikuwa chungu. Riba zilipandishwa hadi viwanda na wajenzi wakashindwa kukopa, na mwisho wa 1982 ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10.8. Kwa Wamarekani weusi ulivuka asilimia 20. Reagan angeweza kumwandama Volcker hadharani ili kujiokoa kisiasa. Kwa sehemu kubwa alimwacha afanye kazi, na mwaka 1983 akamteua tena. Mwaka huo mfumuko ulikuwa umeshuka hadi asilimia 3.2. Uchumi ukaamka, ajira zikaongezeka kwa mamilioni, na Novemba 1984 akashinda majimbo 49 kati ya 50. Watu hawampi mtu kura za namna ile kwa kudanganywa tu. Waliona maisha yao yakinyooka. Mchambuzi asiyekubali hilo hajamtendea haki Reagan, wala wapigakura.

Sasa njoo kwenye hesabu yenyewe. Kodi ya mapato ilishushwa, matumizi ya jeshi yakaongezwa karibu mara mbili kwa dola za wakati ule, na mafao ya wazee hayakuguswa sana kwa kuwa wazee wanapiga kura. Deni la serikali kuu, lililokuwa chini ya dola trilioni 1 alipoingia, lilivuka trilioni 2.6 alipotoka. Wachumi wake walikuwa wameahidi kwamba kodi ndogo ingechochea uzalishaji kiasi cha kupunguza sana pengo kati ya mapato na matumizi ya serikali. Haikuwa hivyo, na yeye mwenyewe alilazimika kukubali sheria ya kuongeza kodi mwaka 1982, kisha nyingine mwaka 1984.

Ongezeko ambalo lingepaswa kujadiliwa zaidi ni la 1983. Mfuko wa hifadhi ya jamii, unaowalipa wastaafu, ulikuwa unakaribia kukauka. Kamati iliyoongozwa na mchumi Alan Greenspan ikatoa mapendekezo, Reagan na Spika wa Baraza la Wawakilishi, Tip O'Neill wa chama cha Democrat, wakaafikiana, na mfuko ukaokolewa. Ni kazi nzuri. Vyama viwili vilivyokuwa vikitupiana maneno kila siku vilikaa pamoja na kuhakikisha bibi na babu wanalipwa. Sitaki mtu asome ninachosema hapa akadhani napinga kuokolewa kwa mfuko ule.

Ila tazama uliokolewa kwa fedha za nani. Makato ya mfanyakazi, ambayo yalikuwa asilimia 6.65 ya mshahara mwaka 1981, yalifika asilimia 7.51 mwaka 1988, na mwajiri naye akilipa kiasi hichohicho. Makato haya hayana msamaha kwa mwenye kipato kidogo. Yanaanza kwenye dola ya kwanza. Lakini yalikuwa na kikomo juu. Mwaka 1988 kikomo kilikuwa dola 45,000, na mshahara uliozidi hapo haukukatwa kitu. Kwa hiyo mhudumu wa hospitali mwenye mshahara wa dola 20,000 kwa mwaka alikatwa dola 1,502, yaani senti saba na nusu kwa kila dola. Mkurugenzi mwenye mshahara wa dola 450,000 alikatwa dola 3,379 na senti 50, chini ya senti moja kwa kila dola. Katika miaka hiyohiyo kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato, anacholipa mkurugenzi huyu na wala si mhudumu, kilishushwa kutoka asilimia 70 hadi 50, kisha hadi 28. Mtetezi atasema, na ni kweli, kwamba mafao ya uzeeni nayo yana kikomo, kwa hiyo makato yenye kikomo yana mantiki yake. Lakini mhudumu hali mantiki. Anachokiona ni hati yake ya mshahara: mstari mmoja umepungua kidogo, mstari wa chini yake umeongezeka.

Sheria hiyohiyo ya 1983 ilisogeza umri wa kupata mafao kamili kutoka miaka 65 hadi 67, taratibu, mpaka aliyezaliwa 1960 au baada ya hapo ndiye anayeubeba mwaka wa mwisho. Kwa mwalimu wa chuo kikuu miaka miwili ya ziada inavumilika. Kwa mjenzi wa mapaa ni jambo jingine.

Nikiwa hapohapo kwenye kodi, niseme jambo linalonipa heshima kwake. Sheria ya marekebisho ya kodi ya 1986 iliondoa mianya mingi ambayo matajiri walikuwa wakipitia, ikawatoa mamilioni ya maskini kwenye kodi ya mapato, na ikasema kwamba faida ya kuuza hisa itozwe sawa na mshahara wa jasho. Seneti ilipitisha toleo lake kwa kura 97 dhidi ya 3. Rais mhafidhina kukubali kwamba dola ya mwenye hisa na dola ya fundi ni dola ileile lilikuwa jambo kubwa, na marais waliokuja nyuma yake, wa vyama vyote viwili, wamerudi nyuma kutoka hapo.

Kwa maskini wenyewe picha ni tofauti. Sheria ya bajeti ya 1981 ilipunguza kuponi za chakula, chakula cha mchana shuleni, na msaada wa fedha kwa familia zenye watoto. Reagan alikuwa amezunguka kwenye kampeni za 1976 akisimulia habari ya mwanamke wa Chicago anayejichotea misaada kwa majina bandia, na picha hiyo ya mvivu anayenufaika ilimsaidia kuuza hoja yake. Lakini kanuni mpya zilimkamata nani? Zilimkamata mama anayefanya kazi. Kabla ya hapo, mama aliyepata kibarua aliruhusiwa kubaki na sehemu ya mshahara wake bila msaada kukatwa kwa kiasi hichohicho. Kanuni mpya ziliibana ruhusa hiyo iishe baada ya miezi minne. Familia karibu 400,000 zilitolewa kwenye msaada, nyingi zikapoteza na bima ya afya ya serikali iliyoambatana nao. Serikali iliyohubiri kwamba kazi ndiyo heshima ya mtu iliwaadhibu hasa wale waliokuwa wameipata kazi. Kima cha chini cha mshahara nacho kilibaki dola 3.35 kwa saa muda wote alipokuwa Ikulu, wakati bei zilipanda kwa zaidi ya theluthi.

Huku kwetu mawazo hayo hayakubaki ng'ambo. Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambako Marekani ndiye mwanahisa mkubwa, yalikuja na masharti ya kubana matumizi ya serikali. Tanzania ilikubali mwaka 1986 chini ya Mzee Mwinyi, baada ya Mwalimu Nyerere kukataa kwa miaka. Bidhaa zilirudi madukani, na tuliokuwepo tunakumbuka raha ya kununua sabuni bila foleni. Tunakumbuka pia neno "kuchangia gharama" lilivyoingia shuleni na hospitalini. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akisoma habari za Reagan, asidhani anasoma habari za watu wengine kabisa.

Kisha kuna waongoza ndege. Tarehe 3 Agosti 1981, karibu 13,000 kati yao waligoma wakidai mshahara zaidi na saa chache za kazi. Chama chao kilikuwa kimemuunga mkono Reagan kwenye uchaguzi wa 1980, na Reagan mwenyewe aliwahi kuwa rais wa chama cha waigizaji na kuongoza mgomo wao mwaka 1960. Aliwapa saa 48. Muda ulipokwisha akawafukuza 11,345, na wakapigwa marufuku kuajiriwa tena na serikali kuu. Kisheria alikuwa sahihi: watumishi wa serikali kuu walikatazwa kugoma, na kila mmoja alikuwa ameahidi kwa kiapo. Rais akiacha sheria ivunjwe na watu wanaoshika maisha ya abiria angani, atakuwa amefungua njia mbaya. Hilo nalikubali.

Ninachokataa ni ukali wa adhabu na ujumbe wake. Kufukuza ni jambo moja. Kumfungia mtu mlango wa ujuzi pekee alionao ni jingine. Marufuku ile ya kazi ya kuongoza ndege iliondolewa na Bill Clinton mwaka 1993, miaka kumi na miwili baadaye, wakati wengi walikwisha kuanza maisha mapya au kuzeeka. Na waajiri binafsi, ambao sheria iliwaruhusu siku nyingi kuajiri watu wapya badala ya waliogoma, waliona kwamba sasa wanaweza kufanya hivyo bila aibu. Katika miaka ya 1970 migomo ya watu 1,000 au zaidi ilikuwa zaidi ya 200 kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa chini ya 60. Sababu zake ni nyingi, viwanda kufungwa ikiwa mojawapo, lakini mfanyakazi aliyemwona rais akifanya vile alijua amesimama wapi.

Kuhusu wahamiaji, Reagan aliwashinda kwa wema viongozi wengi wa leo. Novemba 1986 alitia saini sheria iliyowapa karatasi watu takriban milioni 2.7 waliokuwa wakiishi nchini bila kibali. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyozaa fomu ya I-9, ambayo kila Mkenya, Mtanzania au Mkongo anayeanza kazi Marekani anajazishwa siku za kwanza, kuthibitisha ana haki ya kuajiriwa.

Siku kumi kabla ya hiyo, Oktoba 27, alitia saini sheria ya dawa za kulevya. Juni mwaka huo kijana mchezaji wa mpira wa kikapu, Len Bias, alikufa kwa kokeini siku mbili tu baada ya kuchaguliwa na Boston Celtics, na Bunge, Democrat na Republican kwa pamoja, likakimbilia kutunga sheria kwa hofu. Hofu ilikuwa ya kweli. Mitaa ilikuwa inaungua, na viongozi kadhaa weusi bungeni waliiunga mkono kwa sababu waliozikwa walikuwa watoto wa majirani zao. Sheria ikasema hivi: anayekamatwa akiuza gramu 5 za kokeini ya vijiwe, ile ya kuvuta iitwayo crack, atafungwa si chini ya miaka mitano. Wa kokeini ya unga, mpaka afikishe gramu 500.

Gramu 5 ni kijiko kimoja cha chai cha sukari. Gramu 500 ni nusu kilo, ule mfuko mdogo unaofungiwa dukani. Ni dawa ileile, tofauti ni kupikwa. Kwa miaka mingi zaidi ya wanane kati ya kila kumi waliohukumiwa na mahakama za serikali kuu kwa kijiko kile walikuwa weusi. Wafungwa wa magereza ya serikali kuu, waliokuwa karibu 25,000 mwaka 1980, walizidi mara mbili kufikia 1990, na hiyo nayo ni serikali, yenye kuta, askari na bajeti.

Mwaka 2010 Bunge lilipunguza uwiano huo kutoka mia kwa moja hadi kumi na nane kwa moja, lakini waliokwisha kuhukumiwa hawakuhusishwa. Ruhusa ya kuomba vifungo vyao vipitiwe upya ilitiwa saini Desemba 2018 na Donald Trump, rais wa chama cha Reagan. Aliyefungwa akiwa na miaka ishirini na moja katika siku za mwanzo za sheria ile, na akawa bado yuko ndani, alikuwa ameingia miaka ya hamsini.