Harusi ya Kila Usiku, Bibi Harusi Hayupo

Jamani, leo tuzungumze maneno mawili tu: "samaki wa leo". Yameandikwa kwenye menyu ya ukumbi wa chakula wa meli ya kitalii, kwa herufi za kulala, juu ya karatasi nene kama kadi ya mchango. Wa leo! Leo ipi? Chini ya meza kuna bahari ya Karibi nzima, samaki wanapita makundi kwa makundi, lakini huyo wa kwenye sahani alipanda meli Jumapili pale Miami, ndani ya boksi, mgumu kama tofali. Meli haisimami katikati ya maji kupatana bei na wavuvi. Kila kinacholiwa hutoka kwa muuzaji aliyeidhinishwa, mwenye karatasi zake. Na samaki wa aina nyingi wanaoliwa wabichi ndiyo kabisa, lazima wawe wamegandishwa kwanza, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, ili minyoo ife. Kwa hiyo ni wa leo kwa maana kwamba leo ndiyo katoka kwenye friza. Sawa, tumekubali. Sisi wa "nyama ipo, pitia kesho" hatushindwi na hilo.

Kinachokera ni steki.

Usiku wa suti, unaujua mwenyewe. Suti ni ile ile ya harusi ya mdogo wako, kifungo cha tumboni kinashikilia kwa neema ya Mungu. Meza ya watu 8, sita huwajui, na mzee mmoja ameshaanza kusimulia upasuaji wa goti lake wakati mkate ndiyo kwanza unafika. (Mkate, tuseme ukweli, ni mzuri. Waokaji wanakesha, na unga hauna habari kama uko baharini.) Mhudumu anakuja, jina lake kifuani na nchi yake chini ya jina, kalamu mkononi kama karani wa mahakama.

"Mheshimiwa, steki iiveje?"

Mheshimiwa! Watu ambao kwenye daladala tunaitwa "wewe kofia, sogea nyuma". Unajikohoza. Unanyoosha mgongo. "Ya wastani, kijana wangu. Wekundu kidogo katikati."

Anaandika, anainama, anakwenda. Nawe unabaki ukiamini kwamba nyuma ya ule mlango kuna mpishi ameamka kwenye kiti akasema, haya, tuwashe moto, bwana mkubwa ameagiza.

Moto upi? Majiko ya meli hizi hayataki gesi wala mkaa, maana moto wa wazi katikati ya bahari ni msiba unaojipeleka mwenyewe. Kila kitu ni umeme. Sasa piga hesabu. Ukumbi una watu 1,000 kwa awamu, wameketi wote saa 12 jioni kama mtihani wa taifa. Tuseme 300 wamesema steki, na steki zote zitoke ndani ya dakika 40. Hiyo ni steki moja kila sekunde 8. Nani anachoma nyama kwa sekunde 8? Basi haichomwi saa hiyo. Imepigwa ile mistari ya wavu wa kuchomea mapema, wewe ukiwa bado unatafuta soksi ya pili, kisha ikapangwa na wenzake kwenye trei na kusukumwa kwenye oveni kubwa, trei ya zisizoiva sana, trei ya wastani, trei ya waliokata tamaa. Ya kwako inatoka ikiwa na nyuzi 57 katikati. Ingeliwa palepale, ungemsifu mpishi. Lakini nyama ikitoka motoni haijaacha kuiva. Joto la nje linaendelea kutambaa kuelekea ndani, linapanda nyuzi 3 mpaka 5. Na badala ya kuja mezani, inaingia kwenye kabati la moto kungoja zamu.

Kabati la nini? La mkaguzi. Meli zinazogusa bandari za Marekani hukaguliwa usafi bila hodi. Alama ni 100, ukipata 85 umeanguka, na matokeo yanawekwa hadharani kila mtu aone. Kwa hiyo mpishi wa meli haogopi dhoruba, anaogopa kipimajoto. Cha moto kisishuke chini ya nyuzi 57, cha baridi kisizidi 5. Kati ya wekundu wako wa katikati na alama zake, unadhani anatetea nini?

Bado hatujafika mezani. Mhudumu wako hana wewe peke yako. Yeye na msaidizi wake wana watu zaidi ya 20, na kila mmoja ni mheshimiwa. Anapanga foleni jikoni, anapokea sahani, anaifunika kwa kifuniko cha plastiki, anaweka nyingine juu yake, na nyingine, mpaka trei ina sahani 10 au 12, anaipandisha begani na kutembea kwa mwendo wa mtu aliyebeba jeneza la mjomba. Meli ikiyumba, anangoja. Mtoto akikatiza, anangoja. Muda wote huo steki iko chini ya kifuniko inajifukiza. Mvuke unalainisha lile gamba la juu, mchuzi unamwagika sahanini, na ile mistari ya kuchomea, ambayo ndiyo ilikuwa heshima yake, inabaki kama chale za zamani.

Kifuniko kinafunuliwa kwa madaha. Unakata. Rangi ya soli.

"Kijana wangu."

"Mheshimiwa."

"Hii ndiyo wastani?"

Anaiangalia kwa huzuni ya mtu aliyeshazika 40 za aina hiyo jioni ile ile. "Samahani sana, mheshimiwa. Naleta nyingine."

Na analeta kweli! Hapo ndipo mateso yanapoanza. Maana nyingine inaanza foleni upya. Wenzako mezani kwanza wanakungoja kwa adabu, uma juu. Kisha wanaanza kula wakikutazama kwa huruma, kama mgonjwa aliyekatazwa chakula. Kisha wanamaliza. Mzee wa goti amehamia goti la pili. Dakika 15, dakika 20, sahani za wenzako zimeondolewa, aiskrimu imefika, ndipo ya pili inaingia. Hii imechomwa peke yake, kwa haraka, kwa hasira, na mtu aliyekatishwa kazi. Nje imeungua, ndani baridi. Ukiiinamia vizuri unaisikia ikimwita ndama wake.

"Hii iko sawa, mheshimiwa?"

Na wewe mtu mzima, mwenye tai, mwenye watoto, unasema: "Nzuri sana, asante."

Nzuri sana nini? Hela imekatwa kwenye mshahara miezi 18! Na mwisho wa ukurasa, kwenye kisanduku chake, baadhi ya kampuni siku hizi wanaandika kwamba kuna steki nyingine, bora zaidi, ongeza dola 20 hivi. Kumbe mlikuwa mnajua! Mlikaa kikao mkakubaliana kwamba hii ya bure ndiyo ile, mkaiacha menyuni makusudi itusindikize kwenye kisanduku!

Haya. Tunywe maji kidogo.

Kosa letu ni kudhani ule ni mkahawa. Ile ni shughuli. Ni harusi ya kila usiku, bibi harusi hayupo, na mchango ulishalipa mwaka jana. Sasa kwenye harusi nani anamfuata mpishi wa pilau amkaangie yai moja, kiini kisipasuke? Atakukimbiza na mwiko. Kwenye shughuli unakula cha sufuria. Ukumbi wa meli nao, ukitaka kula vizuri, soma menyu kwa macho ya mtu wa shughuli. Chochote kinachoharibika kikingoja, kiruke: steki, minofu ya samaki, kambakoche. Chochote ambacho kungoja ni sehemu ya kuiva kwake, agiza: supu ya moto, mbavu za ng'ombe zilizopikwa taratibu, muundi wa kondoo, mchuzi wowote mzito. Nyama za namna hiyo zina kano na ngozingozi ambazo zinataka saa kadhaa ili ziyeyuke. Zikikaa nusu saa zaidi kwenye kabati hazinuni.

Na kama roho inataka ng'ombe mwenye wekundu, agiza ile ya pande kubwa la mbavu lililookwa zima, linalokatwa vipande wakati wa kupakua. Sheria yenyewe ya joto inalipendelea: pande lililookwa zima linaruhusiwa kutunzwa kwenye nyuzi 54 badala ya 57, na hizo nyuzi 3 ndizo wekundu wote unaoutafuta. Sema unataka kipande cha katikati. Ukikaa kimya utapewa cha pembeni, kile cha rangi ya soli, tutarudi kulekule. Anayeng'ang'ania steki basi aagize hatua moja nyuma ya anayoitaka, kabati litamalizia.

Halafu kuna siri ambayo si siri: jikoni mwa meli hizi wamejaa Wahindi, Wafilipino na Waindonesia, na mabaharia wale hawali supu ya stroberi. (Ipo. Supu baridi ya stroberi, inaletwa kwenye bakuli kabla ya chakula, na kijiko. Kwetu hiyo ni juisi iliyokosa glasi.) Mwambie mkuu wa wahudumu leo kwamba kesho ungependa mchuzi wa Kihindi, dengu au kuku, na pilipili ya kweli. Leo kwa kesho, maana anapeleka agizo jikoni mapema. Meli nyingi zitakupikia bila kuongeza senti, na jirani wa goti ataacha kusimulia aulize hicho ni nini.

Wali usitarajie kitu. Vijiko vitatu vilivyogeuzwa kutoka kwenye kikombe, na jani juu, kama kaburi la panya.

Ugali upo usiku wa Kiitaliano. Wanauita polenta, umetiwa siagi na jibini, umekatwa pembe tatu, haukujui wala hautaki kukujua.

Kwa wanaoangalia halali, msingoje mpaka mezani. Andikeni kwa kampuni wiki kadhaa kabla, na hata hapo muulize kama ni nyama yenyewe iliyochinjwa halali au ni "tutakutolea nguruwe". Nyama si tatizo peke yake. Michuzi mingi imepikwa kwa mvinyo, na zile tamutamu za kutikisika huwa na jelatini. Mkuu wa wahudumu huleta menyu ya kesho ukiiomba. Kaa naye, mweke alama moja moja, kama mnapitia bajeti ya msiba.

Mayai ya bafe asubuhi ni ya boksi, ya majimaji, yamepashwa joto kiwandani kuua vijidudu. Usalama huo, hatuna ugomvi. Yakikaa sana juu ya maji ya moto yanaanza kupata ukijani, ni kiini na ute vimegombana, hayajaoza. Shuka ukumbini uagize la kukaangwa, asubuhi watu ni wachache.

Kambakoche wa usiku wa suti ni mkia mmoja, mara nyingi wa jamii isiyo na magando, ndugu zake hawa wa kwetu pwani. Ametoka kwa mafungu ya mamia. Akikawia, anakuwa ndala. Wahi awamu ya kwanza, na ukiambiwa mkia wa pili una bei, usishangae, tumeshazungumzia kisanduku.

Ila chai. Chai hawa watu wametuonea. Unaomba chai, unaletewa sahani yenye kikombe, maji yaliyowahi kuwa moto, kipakiti cha majani kimelala pembeni kama mgeni asiyekaribishwa, na maziwa baridi kwenye kopo la ukubwa wa kidole gumba. Maji yenyewe mara nyingi yametengenezwa humo humo melini kutokana na bahari, kisha yakatiwa dawa, na dawa ina harufu, na majani ya chai yanaitangaza. Chai inataka maji yanayotokota. Yale ya mashine yameshatulia. Birika huruhusiwi kuwa nalo chumbani, kampuni nyingi zinalinyang'anya bandarini kwa ajili ya moto. Kinachobaki ni ujanja: nenda na tangawizi ya unga na iliki kwenye mfuko, tia vipakiti viwili kwenye maji kidogo, vifunike dakika 5, kisha mwombe kijana wa kahawa akuchemshie maziwa kwa ule mvuke wa mashine yake, umimine juu. Kahawa wanatoza, maziwa matupu mara nyingi anakuonea huruma.

Tatizo kijana wa kahawa yuko ghorofa ya 5 na chumba chako kiko ya 9. Na saa 2:30 usiku awamu ya kwanza wanatoka, ya pili wanaingia, wote kwenye lifti zilezile, suti kwa suti, tumbo kwa tumbo. Wewe umeshika kikombe juu kama mshumaa. Lifti inasimama ya 6, mlango unafunguka, hakuna mtu. Ya 7, hakuna mtu. Kuna mtoto mahali kabonyeza vitufe vyote akakimbia, chai inapata utando, na huko nyuma kabisa kwenye kona kuna sauti inasema, "Sasa hili la kushoto, daktari akaniambia…"