Chuo Kilichofutwa Kisangani na Vyuo Vidogo vya Bukavu

Kila wizara ya elimu ya juu inapotangaza orodha ya vyuo vinavyopaswa kufungwa, hapa Bukavu, mashariki mwa Congo, wengi hufurahi. Wanasema maduka ya diploma yamepatikana. Hasira yao naielewa, maana mzazi aliyelipa minervali, yaani ada ya masomo, miaka mitatu kwa karatasi isiyotambulika ana haki ya kukasirika. Lakini furaha hiyo hunitia wasiwasi, na sababu yake ni chuo kimoja kidogo kilichofutwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Mwaka 1963 makanisa ya Kiprotestanti yalifungua Chuo Kikuu Huru cha Congo huko Stanleyville, Kisangani ya leo. Wakatoliki walikuwa na chuo kikuu cha Lovanium Léopoldville, Kinshasa ya leo, tangu 1954, na serikali ilikuwa na chuo chake Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Upande wetu wote wa mashariki, kutoka Ituri hadi Kivu, haukuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kabla chuo hicho hakijamaliza miaka miwili, waasi walioitwa Simba waliuteka mji, Agosti 1964, nacho kikahamia Léopoldville kwa muda. Kikarudi. Mwaka 1967 mamluki wakaasi Kisangani, wale wale ambao baadaye mwaka huo waliikalia Bukavu chini ya Mbelgiji Jean Schramme. Chuo kikaendelea. Kilichokimaliza si bunduki, ni sheria: Agosti 1971 Mobutu aliviunganisha vyuo vikuu vyote vitatu kuwa kimoja, UNAZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre.

Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi. Maprofesa walikuwa wachache, na kila chuo kilitaka kuwa na kila kitivo. Kwa nini nchi changa ilipie maabara tatu zilizojaa nusu? Ndipo vitivo vikagawanywa: fasihi ikaenda Lubumbashi, saikolojia na ualimu vikaenda Kisangani. Kulikuwa pia na siasa, tusijifanye hatukuiona. Wanafunzi wa Lovanium waliuawa Kinshasa Juni 1969, na wenzao waliotaka kuwakumbuka miaka miwili baadaye waliandikishwa jeshini kwa nguvu. Kuunganisha vyuo kulikuwa pia kuvitia vyote mkononi mwa mtu mmoja.

Jambo ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha ni hili: jina lilikufa, kazi haikufa. Madarasa ya Kisangani yalibaki madarasa. Aliyekuwa anasoma alikuwa na mahali pa kuendelea, na dosie yake ilikuwa na ofisi ya kuitunza. Kampasi ile ndiyo iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Kisangani UNAZA ilipovunjwa 1981. Na Kisangani ndiyo iliyoleta tawi lake hapa Bukavu mwaka 1993, lile tawi tunaloliita leo UOB, Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu. Tazameni urefu wa ukoo huo. Chuo kidogo cha makanisa, kilichokimbizwa na vita kikiwa bado kichanga na kufutwa kabla ya kutimiza miaka kumi, ni babu wa chuo kikuu cha serikali ambamo watoto wa Kadutu na Bagira, mitaa ya mji huu, wanasomea sheria. Je, kama 1971 kingefungiwa kufuli tu, mashariki ingesubiri mpaka lini?

Linganisheni na kufunga kwa leo. Arete ya waziri, yaani amri yake ya maandishi, inatoka na jina la chuo limo. Kuanzia hapo mwanzilishi ana nyumba yake, anaweza kuipangisha. Wizara imeshatimiza kazi yake. Anayebaki barabarani ni finalisti, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliyebakiza kutetea kazi yake ya mwisho. Relevé za pointi, yaani karatasi za matokeo yake, ziko wapi? Ziko kwenye kabati la katibu ambaye hana tena mshahara wala sababu ya kufungua mlango. Chuo kingine kitampokea tu akikubali kurudi mwaka wa kwanza, maana hakuna wa kuthibitisha aliyoyasoma. Akiwa ametoka mbali, Shabunda au Mwenga, mara nyingi hapo ndipo masomo yanapokwisha. Adhabu inampata yule yule ambaye orodha ilisema inamlinda.

Wanaotetea orodha wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote inahusu hospitali. Muuguzi aliyefundishwa bila maabara na bila mazoezi wodini ni hatari, na mgonjwa hatauliza diploma ilitoka wapi. Hapo nakubali bila kusita: sehemu ya namna hiyo isipokee mwanafunzi mpya hata mmoja. Ni kweli pia kwamba vyuo vingi vidogo vinategemea maprofesa wapitaji wanaokuja kumaliza somo zima kwa siku chache. Ila vyuo vikubwa navyo vinawategemea, na Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu, ulipoacha kupokea ndege mwaka 2025 ilionekana wazi jinsi mji huu ulivyokuwa umejenga kidogo walimu wake wenyewe. Udogo peke yake si kosa. Hapa Bukavu, UCB, chuo kikuu cha Wakatoliki, ilianza 1989, na UEA, cha Waprotestanti, mwaka 1991, zote bila ukubwa tunaouona sasa.

Kwa hiyo sipingi kufunga. Napinga kufunga kwa orodha peke yake. Arete inayofunga chuo itaje pia chuo kitakachowapokea wanafunzi, ofisi itakayochukua dosie zao na tarehe ya kuzikabidhi, na iwaache finalisti wamalize mwaka chini ya usimamizi wa jopo la nje. Na sahihi ya waziri ingoje mpaka dosie ya mwisho iwe imeshapokelewa.