Shahidi wa Kwenye Kioo

Leo asubuhi nimesukumwa. Mtu mzima, tai shingoni, usukani mkononi, nasukumwa na vijana wa kijiweni wanaodai hela ya soda kabla gari halijawaka. Chanzo ni kamera, ile ya kubandika kwenye kioo cha gari irekodi barabara.

Juzi pale Shekilango bodaboda alinivunjia saiti mira, akajikung'uta vumbi, kisha akaniuliza mimi: "Mzee, huoni?" Kufumba na kufumbua wenzake wamenizunguka, wote mashahidi, hadi yule aliyefika tukiwa tunamalizana. Nikalipa elfu thelathini kwa kosa la kugongwa.

Basi jana nikaenda Kariakoo kununua shahidi wangu mwenyewe.

"Karibu bosi! Hii hapa, 4K."

"4K ya kweli, au picha ndogo iliyovutwa kama chapati ya unga wa mwisho?"

"Si imeandikwa kwenye boksi?"

Nikageuza boksi. Chini yake pameandikwa 1080, picha ya daraja la chini kuliko 4K. Nikamwonyesha. Akasema hiyo ya 1080 ni ya usiku.

"Ndani ina betri au kapasita, ile inayotunza umeme kidogo bila kuogopa joto? Maana gari langu, IST, linashinda juani, na betri ikikaangwa kwenye kioo huvimba kama andazi."

"Vyote vimo, bosi."

"Na kadi ya kuhifadhia picha?"

"GB 128, elfu nane tu."

Nikamweleza kwa upole wa mwalimu mstaafu kwamba kadi za bei hiyo hujitangaza GB 128, zikifika GB 8 zinaanza kula picha. Na ule waya wa kuzima kamera betri ya gari ikishuka chini ya volti 12, anao? Kijana akanitazama kwa huruma.

"Mzee wangu, umekuja kununua kamera au kunisahihisha mtihani?"

Nikatoka kwa hadhi. Kabla sijafika mlangoni laki na themanini ikawa sabini. Hadhi ikarudi dukani.

Hiyo kamera ina kihisi cha mtikisiko. Ikihisi ajali, inakifunga kipande hicho kisifutwe. Vizuri! Ila mtaa wetu mnaujua. Kutoka lami hadi getini kwangu nimepata ajali kumi na tisa. Shimo, ajali. Tuta, ajali. Kadi imejaa ajali zangu za mashimo. Siku bodaboda akirudi, wapi atakaa?

Usiku nikaiwasha ilinde gari. Waya sina, nilidharau. Imelinda mpaka betri ya gari ikalala. Nimeangalia ilichorekodi: paka. Saa saba paka, saa nane paka, kajilaza juu ya boneti kama analipa kodi. Namba ya pikipiki iliyopita nyuma yake haisomeki hata herufi moja.

Paka ni wa jirani, mama mmoja mstaarabu sana. Sina neno naye. Lakini kwa mwanga wa taa ya baraza lake, nyuma ya mkia wa paka, nimeona ndoo. Lita ishirini, mfuniko wa kijani, mpini uliofungwa kwa waya nilioukata mimi mwenyewe. Tangu mwezi wa kwanza ananiambia hajaiona.