Sungura Kashiba, Paka Kalewa

Sungura wa Minnesota, huku Marekani, hana haja ya ujanja kama yule wa hadithi za bibi. Anakuja saa moja jioni, jua bado lipo, anakaa kwenye nyasi zako na kutafuna maua yako huku anakutazama. Ukipiga makofi anasogea kidogo. Ukinyamaza anarudi.

Tunakaa Brooklyn Park, mimi na mke wangu, na yeye ndiye aliyetaka maua ya tulipu. Tukazika mizizi yake, ile mviringo kama vitunguu, kabla ardhi haijaganda, tukavumilia baridi yote ile. Yalipokaribia kuchanua, nikatoka asubuhi nikakuta mabua matupu, yamekatwa mshazari kama kwa wembe. Jirani yangu, mzee mstaafu, akainama akayachungulia, kisha akatoa hukumu: "Kulungu hana meno ya mbele ya juu, yeye hunyofoa. Hapa amepita sungura."

Akanipa somo. Sungura hukwepa harufu kali, majani yenye manyoya, na sumu. Maua ya narsisi hagusi, yana sumu mpaka kwenye kitunguu chake. Lavenda na salvia huzipita tu. Dijitalisi pia, lile ua linalotoa dawa ya moyo, lakini mke wangu alipoambiwa kwamba jani lake laweza pia kuusimamisha huo moyo, akamtazama mtoto wetu anayeonja hata udongo, akasema hapana.

Dukani, muuza miche akanionyesha nepeta, jamii ya mnanaa, maua ya zambarau, haidhuriki na ukame. "Sungura hataki hata kuinusa." Nikanunua ya kuzunguka ua mzima. Muuza miche yule hakusema uongo. Ila kuna jambo alilibakiza moyoni.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa. Alfajiri ya huku, kiangazi, huingia saa tisa na kitu usiku. Akaamka kuswali, na alipomaliza akafungua pazia achungulie. Nilichosikia mimi ni "Audhubillahi!" na mlango wangu ukigongwa.

"Mwanangu! Amka! Nje kuna kikao!"

Nikachungulia. Chini ya taa ya barazani walikuwa paka, sijui wa mtaa wa ngapi. Mmoja kalala chali, miguu juu, mate yanamtiririka. Mwingine anasugua shavu kwenye nepeta mpaka shina limelala. Na mmoja mweusi, ambaye ndiye aliyemtia mama hofu zaidi, anabingirika kutoka mwanzo wa tuta hadi mwisho, akifika anageuza. Mama tayari alikuwa katikati ya Ayatul Kursi.

Mkwe huwezi kuonekana mwoga. Nikatoka na kikoi na fagio. Paka hawakukimbia, yule wa mate alilikumbatia fagio akaanza kulilamba. Nikavuta, nikarudi kinyumenyume, kikoi kikanasa kwenye wavu wa kuku uliozungushiwa sukuma wiki, nikabaki na fagio na bukta. Ndipo tochi ya jirani ikaniwakia usoni.

Hakucheka, namshukuru. Alieleza tu, kwa sauti ya chini, kwamba nepeta ina mafuta yanayowalewesha paka. "Ngoja kama dakika kumi, itawatoka." Kisha akaingia ndani, na huko ndiko alikochekea.

Nikamfafanulia mama. Akashusha pumzi, akatoka barazani na kanga yake kichwani. Kumekucha. Paka wamejilaza hoi, na sungura akatokea chini ya uzio, akapita katikati yao bila hata kuharakisha, akaenda moja kwa moja kwenye mchicha ambao mama mwenyewe aliupanda alipofika.

"Huyu mnamfuga?"

"Hapana, mama. Wa porini."

"Hana mwenyewe?"

"Hana."

Akamtazama akila shina baada ya shina.

"Nazi ya kopo mnayo?"