Sio feki, ni ya Kifaransa

Jumamosi nimetoka pale Soweto, hapa Mbeya, nimekasirika mpaka chai ikanishinda. Nilimwachia fundi baiskeli yangu, Peugeot ya zamani, dakika ishirini tu, kazi yenyewe ndogo, afungue vikombe vya beringi pale kwenye krenki (vile vinavyojifunga kwenye fremu na kushika ekseli ya pedali) nibadilishe gololi na grisi. Narudi nakuta kachomeka bomba la maji kwenye spana, refu kama mkono wangu, kijana wake kakalia fremu, wanavuta kwa kuhesabu moja mbili tatu. "Kaka hii imeganda, au waliichomelea huko huko," ananiambia, jasho linamtiririka na baridi yote hii ya mwezi wa saba.

Haijaganda. Walikuwa wanaikaza.

Baiskeli tulizokulia nazo huku, Phoenix za Mchina na wenzake, zinafuata vipimo vya Kiingereza, kikombe cha upande wa cheni kinafunguka kwa kuzungusha kulia, kinyume na nati ya kawaida, na fundi anayejielewa analijua hilo hata umwamshe usiku wa manane. Ila Mfaransa kwa miaka mingi alikuwa na vyake: upana milimita 35, nyuzi zake (ile mistari ya skrubu) zinapishana milimita 1, na pande zote mbili zinafunguka kushoto kama kifuniko cha chupa ya maji. Sasa ukienda na akili ya Phoenix kwenye Peugeot ya miaka ya 1970, kila ukiongeza bomba unaongeza kukaza, na siku ikisogea ujue imesogea na nyuzi za fremu. Nyuzi za hapo zikishaliwa unafanyaje, unaitundika sebuleni wageni waiangalie? Na ili kukuchanganya zaidi, kuna za Kifaransa za baadaye zenye kipimo cha Uswisi, upana ule ule wa 35 lakini upande wa cheni umegeuzwa kama wa Mwingereza. Ndo maana nasema ANGALIA KWANZA. Toa kikombe cha kushoto, toa ekseli, futa grisi na kitambaa, mulika na tochi ya simu, utaona nyuzi zimelalia wapi. Dakika tano, tena bure. Lakini hapana, bomba liko karibu na kijana ana nguvu.

Nilipomwambia ageuze kushoto akacheka. Akasema basi hii feki.

Mimi mwenyewe niliinunua Kabwe kwenye mitumba, laki na ishirini, imepuliziwa rangi ya bluu kuanzia fremu mpaka waya za breki (wanaopulizia rangi juu ya stika sina la kuwaambia, Mungu anawaona). Jamaa aliyeniuzia hakujua ni ya wapi. Kilichonishtua ni pedali, moja imegongwa D nyingine G, nikamuuliza, akajibu bila kupepesa macho, "G ni Germany hiyo mzee, mali ya Ujerumani." Na D je, Dodoma? D ni droite, kulia, G ni gauche, kushoto, Kifaransa hicho. Kuangalia breki, Mafac, Mfaransa tena. Kibadilisha gia cha nyuma ni Simplex ya plastiki nyeusi, ile inayojulikana kwa kupasuka, na yangu haikutaka kuniangusha, imepasuka. Jioni nikakaa na msasa laini na mafuta ya taa, taratibu, pale mbele chini ya usukani akatokea simba, nembo ya Peugeot. Nilimwita mke wangu aje aone, akaja, akaangalia, akarudi jikoni.

Haya, nikubali kidogo. Fundi anashinda na Phoenix, ndo zinamlisha, hizi za kwangu anaziona mara moja kwa mwaka. Na spea kweli hamna, Mwanjelwa nimeizunguka yote. Hata kulazimisha kuna mahali kunaruhusiwa: stemu ya usukani (shina lake linaloingia kwenye fremu) ya Kifaransa ni milimita 22, za kawaida ni 22.2, mimi nimepiga msasa hiyo ya kawaida jioni mbili mpaka ikaingia. Lakini nilipima kwanza jamani. Pedali ndo usithubutu, skrubu ya ile ya Kifaransa ni milimita 14, hizi nyingine zinaizidi kidogo tu, zaidi ya robo milimita, inaingia mizunguko miwili unajiona mjanja, wa tatu inaanza kutafuna krenki.

Basi nikaibeba fremu nyumbani. Nikaimwagia dizeli ikalala nayo usiku kucha, asubuhi nikaenda kwa jirani mwenye jiliwa, tukabana kile kikombe kwenye meno yake, fremu ikalala juu, nikaishika huku na huku nikaizungusha kama usukani wa Fuso. Ikalia kwiii mara moja, ikaachia. Ndani grisi imekauka rangi ya asali, gololi 11 kila upande, nyuzi nzima kabisa, kasoro kovu la spana pale nje ambalo nitaliangalia mpaka nife.

Sasa nimekwama kwenye kotapini, ile pini inayobana mkono wa krenki kwenye ekseli. Za madukani ni milimita 9.5, yangu inataka 9, na kuzipiga tupa sitaki, sitaki krenki inilegee nikiwa kwenye mteremko wa Iwambi na lori nyuma. Kama babu yako aliacha kopo la misumari huko Iringa au Njombe, hebu limwage uangalie, nitafuata mwenyewe mpaka Makambako.