Tusi Lilisikika, Kesi Haikufunguliwa: Polisi wa Coeur d'Alene Walifanya Kazi Yao?

Machi 2024 timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Utah ilikwenda Spokane, jimbo la Washington, kucheza mashindano ya kitaifa ya vyuo vikuu vya Marekani. Wachezaji wakapangiwa malazi Coeur d'Alene, mji mdogo wa kitalii kando ya ziwa, ng'ambo ya mpaka katika jimbo la Idaho, mwendo wa kama nusu saa kwa gari. Jioni ya tarehe 21 walipokuwa wakitembea kwenda kula, watu waliokuwa kwenye magari waliwapigia kelele za matusi ya rangi, likiwemo lile tusi ambalo Wamarekani weusi wamebebeshwa tangu enzi za utumwa. Kwa maelezo ya timu, walipotoka mgahawani kurudi hotelini walisumbuliwa tena, safari hii kwa ngurumo za injini na matusi yaleyale. Polisi walipewa taarifa usiku huohuo, na timu ikahamishiwa Spokane. Siku chache baadaye, baada ya kufungwa na timu ya Chuo Kikuu cha Gonzaga na kutolewa mashindanoni, kocha Lynne Roberts aliwaeleza waandishi wa habari yaliyotokea, na nchi nzima ikajua.

Meya Jim Hammond aliomba radhi hadharani. Polisi, chini ya mkuu wao Lee White, walikusanya picha za kamera za usalama za mtaani na kuhoji mashahidi, na katika rekodi mojawapo tusi lile likasikika waziwazi. Uchunguzi ukawafikisha kwa kijana wa miaka 18, mwanafunzi wa sekondari, ambaye alikiri kwamba sauti ni yake. Kisha, mwezi Mei, ofisi ya mwanasheria wa mji ikatangaza kwamba hatashtakiwa. Naibu mwanasheria wa mji, Ryan Hunter, aliyalaani maneno ya kijana yule kwa ukali, akayaita ya kibaguzi na ya kuwadhalilisha wanawake, lakini akasema sheria iliyopo haitoshi kumpeleka mahakamani.

Watu wengi waliusoma uamuzi huo kwa njia moja tu: polisi wa mji wa wazungu wamemlinda kijana wa kizungu. Wengine wakashangilia kwamba uhuru wa kusema umeshinda. Mimi siafikiani na upande wowote kati ya hizo mbili. Nadhani mwanasheria alisoma sheria sawasawa kwa sehemu kubwa, na nadhani kuna mahali alipoteleza. Na kazi ya polisi yenyewe inastahili kupimwa kwa kipimo kingine kabisa, kisichotegemea kama kesi ilifunguliwa au la.

Kwanza mji wenyewe, kwa sababu bila historia yake jambo hili halieleweki. Karibu na hapo, Hayden Lake, kuanzia miaka ya 1970 Richard Butler aliweka makao ya Aryan Nations, kundi la Wanazi mamboleo lililotaka kona hiyo ya Marekani iwe nchi ya wazungu peke yao. Mwaka 1981 wakazi wa kaunti ya Kootenai waliunda kamati ya haki za binadamu baada ya Myahudi mwenye mgahawa na familia yenye watoto wa damu mchanganyiko kuandamwa kwa vitisho. Kamati hiyo ilisaidia kuisukuma Idaho ipitishe mwaka 1983 sheria ya unyanyasaji wa makusudi kwa misingi ya rangi, dini au asili, kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka mitano. Septemba 1986 bomu lilitegwa nyumbani kwa padri Bill Wassmuth, mmoja wa viongozi wa kamati. Alinusurika. Mwaka 1998 walinzi wa kambi ya Butler walilifyatulia risasi gari la mama mmoja na mwanawe. Mama na mwana wakafungua kesi ya madai, na Septemba 2000 baraza la mahakama likawapa fidia ya dola milioni 6.3. Butler akafilisika, kambi ikauzwa.

Kwa hiyo anayedai Coeur d'Alene ni mji wa wabaguzi anawafuta watu waliohatarisha maisha yao kuupinga ubaguzi. Lakini pia msichana mweusi anayepigiwa kelele gizani katika mji huo hawezi kuambiwa kwamba maneno ni maneno tu. Pale, maneno hayo yaliwahi kufuatana na mabomu na risasi, na watu walioyashuhudia bado wako hai.

Sasa tuje kwenye sheria. Marekani inalinda usemi kuliko karibu nchi yoyote duniani. Katika kesi ya Brandenburg dhidi ya Ohio ya 1969, Mahakama ya Juu ilimwachia kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, aliyekuwa amehutubia mkutano wa kundi hilo, ikasema dola haiwezi kuadhibu usemi ila unapolenga kuchochea uvunjaji wa sheria wa papo hapo na unapoelekea kuuleta kweli. Mwaka 1992, katika kesi iliyotoka St. Paul, Minnesota, mahakama hiyohiyo ilifuta sheria ya mji iliyokataza alama za chuki, ingawa kilichokuwa kimetendwa ni kuchoma msalaba katika uwanja wa familia nyeusi. Vitisho vya kweli havilindwi. Ila mwendesha mashtaka lazima aonyeshe kwamba mtu alitishia, na sheria ya Idaho ya 1983 inadai zaidi: nia mahususi ya kumtisha au kumsumbua mtu kwa sababu ya rangi yake, pamoja na kumdhuru, kuharibu mali yake au kumtishia mambo hayo. Kijana alitukana kutoka kwenye gari lililokuwa likipita. Hakusema atampiga mtu wala hakushuka. Hapo ndipo Hunter alipokwama, na wanasheria wengi wa Marekani wangekwama naye.

Kuna sababu nyingine ya kuheshimu ukali huo wa sheria, nayo wanaharakati wa haki za weusi wanaijua vizuri. Makosa kama kuvuruga amani na utovu wa nidhamu hadharani, ambayo Hunter aliyapima pia katika kesi hii, kwa miongo mingi yalikuwa silaha ya polisi dhidi ya watu weusi wenyewe. Mwaka 1961 wanafunzi weusi 187 walikamatwa Columbia, South Carolina, kwa kuandamana kwa amani kwenye viwanja vya bunge la jimbo, na kosa walilobambikiwa lilikuwa kuvuruga amani. Mahakama ya Juu ilifuta hukumu zao mwaka 1963. Ukimpa askari wa mji mdogo mamlaka ya kuamua neno gani linavuruga amani, huchagui wewe atalitumia dhidi ya nani. Hoja hii ni nzito, na wanaoipuuza mara nyingi ni wale ambao hawajawahi kukamatwa kwa kusema.

Hata hivyo kuna jambo moja katika uamuzi ule linalonikera hadi leo. Kijana alijieleza kwamba alitaka kuchekesha. Hunter mwenyewe aliona maelezo hayo ni ya kipuuzi na fikra zilizoyazaa ni za kuchukiza, lakini akasema yanadhoofisha dai kwamba alikuwa na nia ya kutisha. Mtu anaweza kutaka kuwachekesha wenzake garini na papo hapo akataka mlengwa aogope. Kwa kweli hofu ya mlengwa ndiyo kichekesho chenyewe. Ukiruhusu kicheko kisimame kama ushahidi wa kutokuwa na nia mbaya, umempa kila mnyanyasaji maneno ya kwenda kuyatoa polisi. Sisemi kwamba kesi ingeshinda bila hoja hiyo, maana bado palihitajika kuonyesha tishio la madhara. Nasema hoja hiyo haikuhitajika, na kuandikwa kwake kumewaambia wale wasichana kwamba moyo wa aliyewatukana ulipimwa kwa uangalifu kuliko wao.

Uamuzi ule pia ulimhusu mtu mmoja na kauli moja. Timu ilieleza usiku mzima: matusi wakati wa kwenda, wakati wa kurudi, magari zaidi ya moja. Sheria ya jinai hukata tukio vipande vipande, kila mtu na tendo lake, kila tendo na ushahidi wake, na ni sawa iwe hivyo, kwa sababu hakuna anayepaswa kufungwa kwa kelele za mwenzake. Lakini hofu haiji kwa vipande. Kama ningekuwa mwendesha mashtaka ningeelekeza nguvu zaidi kwenye magari kuliko kwenye tusi: nani aliendesha vipi na karibu na nani, na kama kuna sheria ya barabarani iliyovunjwa. Mwendo wa gari haulindwi na Katiba.

Tukitoka Marekani, picha hugeuka bila kuwa nyepesi. Uingereza, baada ya polisi wa London kuvuruga uchunguzi wa mauaji ya kijana mweusi Stephen Lawrence ya 1993, ripoti ya Macpherson ya 1999 ilisema tukio ni la kibaguzi pale mwathirika au mtu mwingine yeyote anapoliona hivyo. Askari alitakiwa kuliandika na kulichunguza, si kubishana. Ulikuwa ukombozi kwa familia zilizokuwa zikifukuzwa kaunta. Lakini mazoea hayo yalipopanuka hadi kuandikisha majina ya watu kwa maoni yasiyo kosa la jinai, Mahakama ya Rufaa mwaka 2021 iliona mwongozo wa polisi umeingilia uhuru wa kujieleza kupita kiasi, na ikabidi masharti yakazwe. Kenya nayo, baada ya machafuko ya 2007 na 2008, ilitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na kifungu cha 13 kinaadhibu matamshi ya chuki ya kikabila kwa faini hadi shilingi milioni moja au kifungo hadi miaka mitatu. Wakenya wameona wanasiasa wengi wakifikishwa mahakamani kwa kishindo na wachache mno wakitiwa hatiani. Kwa hiyo sheria pana peke yake haileti haki, na sheria finyu peke yake haizuii polisi kufanya kazi.

Ndiyo maana nawapa polisi wa Coeur d'Alene sifa wanayostahili. Mwaka 2022 polisi haohao walisimamisha lori na kuwakamata wanaume 31 wa Patriot Front, kundi la wazungu wabaguzi, waliokuwa wakielekea kwenye sherehe ya mashoga na wasagaji bustanini. Watano walihukumiwa mwaka 2023 kwa kula njama ya kufanya ghasia. Katika suala la timu ya Utah walitafuta sauti hadi wakaipata. Jambo hilo si dogo. Bila rekodi ile, wasichana wangeachwa wakibishana na watu wa kusema walitunga habari kwa sababu walifungwa. Uchunguzi uliokamilika uliwaambia wao na mji mzima: ndiyo, lilitokea, na aliyesema ni huyu. Kwa mtu aliyedhalilishwa, kuaminiwa na dola ni sehemu kubwa ya haki, hata hukumu isipokuja.

Shaka yangu iko kwingine. Timu ya chuo kikuu ina kocha anayesikilizwa na wanahabari, ina chuo chenye wanasheria, na ilikuwa kwenye mashindano yanayoonyeshwa nchi nzima. Kusini mwa Idaho hiyohiyo, Boise na Twin Falls, kuna familia za wakimbizi kutoka Kongo, nyingi zikizungumza Kiswahili nyumbani. Mama wa familia hiyo akitukanwa akisubiri basi, hana kikao na waandishi wa habari. Ana simu, Kiingereza cha kuombea, na kumbukumbu ya askari wa nchi alikotoka ambao hawaendewi kwa hiari. Akiambiwa kwenye simu kwamba kutukana si kosa la jinai, kauli hiyo yaweza kuwa sahihi kisheria, na ndiyo hasa itakayomfanya asipige tena siku gari litakaposimama mlangoni kwake.

Hapo ndipo ningependa miji midogo ipimwe: je, askari aliandika taarifa hata pasipo kosa la kushtakiwa? Alileta mkalimani? Alikwenda kuomba picha za kamera ya duka la jirani kabla hazijafutika? Alirudi kumweleza mlalamikaji alichopata, na kwa nini mwendesha mashtaka amekataa, kwa lugha anayoielewa? Hakuna hata moja kati ya hayo inayohitaji kubadilisha Katiba ya Marekani. Coeur d'Alene ilionyesha mwaka 2024 kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo inawezekana kwa kikosi cha mji wa watu kama 55,000, pale macho ya nchi yanapokuwa juu yake.