Mpaka wa Malaba Unavukika, wa Shamba Je?

Ukitaja mkimbizi hapa Nakuru, mtu humfikiria Msomali wa Dadaab au Msudani wa Kakuma. Tumezoea kuwa wenyeji. Lakini mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuzua ghasia, Wakenya takriban 12,000 walivuka kuingia Uganda, wengi kupitia Malaba na Busia. Walipokelewa Mulanda, Tororo. Wengine walirudi, waliokataa wakapelekwa Kiryandongo, mbali na mpaka.

Je, walikosea kukataa?

Wanaosema walikosea wana hoja. Shamba lisilolimwa halikai tupu. Jirani husogeza ua hatua mbili msimu huu, mbili msimu ujao, na miaka ikipita hata mzee wa kijiji huona tabu kuonyesha mpaka ulikokuwa. Uganda nayo humpa mkimbizi kipande cha kulima, na kwa hilo inastahili sifa, ila kipande hicho hakiuzwi. Anayekawia hupoteza huku, na kule hapati cha kumwachia mtoto.

Hata hivyo, tazama waliorudi. Mei 2008 serikali ilianza Operesheni Rudi Nyumbani. Waliokuwa makambini humu nchini, kama pale uwanja wa maonyesho wa Nakuru, waliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Zilitosha mabati kadhaa. Jirani hanunuliwi. Kuna waliopiga mahema kando ya mashamba yao, wakilima mchana na kuondoka jioni, na kwenye hesabu za serikali hao walikuwa wamesharudi nyumbani!

Mlima Elgon ni kugumu zaidi. Mgogoro wa ardhi ya Chebyuk ndio uliozaa kundi lenye silaha la Sabaot Land Defence Force (SLDF), na waliokimbia wakaingia Uganda kwa njia za mlimani. Machi 2008 jeshi liliingia, likalizima kundi hilo huku likilaumiwa kwa mateso na watu kutoweka. Swali lililowasha moto, yaani nani mwenye shamba lipi, si la askari kujibu.

Mkataba wa wakimbizi wa 1969 wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, unataka mkimbizi arudi kwa hiari. Mimi nawaelewa waliongoja: hiari bila hatimiliki ni kubahatisha. Wengine wangependa kuuza na kununua kwingine, ila mnunuzi naye anajua kwa nini unauza, na bei anaitaja yeye.